Heri basi linalochelewa kuliko treni ya kusukumana

Mwenzangu mmoja katika idara, mtu mwenye gari lake mwenyewe na maoni mengi kuhusu usafiri wa wasio na magari, aliniuliza majuzi kwa nini niliacha kusafiri kwa treni. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Treni haizuiwi na msongamano wa barabarani, alisema, nauli yake ni nafuu, na ilikuwa ikinifikisha mjini mapema. Basi nililolichagua hunitoza zaidi na kunichelewesha. "Wewe ni msomi," alinikumbusha, kana kwamba nilikuwa nimesahau, "iweje ulipe zaidi ili uchelewe?" Nilimjibu kwa mzaha kwamba ninaishi katika mtaa uliopewa jina na basi, na kwa hivyo sina budi kulitii. Akacheka, tukaachana. Lakini lile halikuwa jibu, na tangu siku hiyo limekuwa likinikereketa rohoni. Naona ni vyema nilijibu swali lake hapa, mbele ya msomaji, ambapo mzaha hautaniokoa.

Hilo la mtaa, hata hivyo, ni kweli tupu. Mimi ni mkazi wa Githurai, na Githurai ziko mbili: 44 na 45. Nambari hizo si za nyumba wala za ploti. Ni nambari za njia za mabasi yaliyokuwa yakiwachukua wakazi kutoka mjini na kuwarudisha kwao. Nambari iliyobandikwa juu ya kioo cha mbele cha basi ikageuka kuwa jina la mahali, na mtoto aliyezaliwa huko leo akiulizwa kwao ni wapi hutaja nambari ya basi bila ya kujua kwamba ni ya basi. Katika kazi yangu nimechunguza majina mengi ya mahali. Yapo yaliyotokana na mito, na miti, na koo, na walowezi waliokuwa na mashamba. Mtaa mzima kuitwa kwa ubao wa basi ni jambo la nadra.

Na bado, kwa miaka saba, mkazi huyu wa 45 alikuwa mtu wa treni.

Nilikuwa na sababu. Barabara ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, ikiwa pana na yenye njia nane, wengi wetu tulidhani kwamba taabu za asubuhi zimekwisha. Hazikuisha. Zilihamia mbele kidogo, pale Pangani na Ngara, ambapo barabara pana hulazimika kujimimina ndani ya mji uleule wa zamani kama maji ya pipa yakipita kwenye shingo ya chupa. Treni haikujali hayo. Ilipita nyuma ya mitaa, ikashika njia ya Dandora na Makadara, ikatushusha katika stesheni kuu, nami nikatembea kwa miguu hadi chuoni nikiwa na muda wa kikombe cha chai. Katika mwaka wa kwanza niliisifu treni kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza.

Lakini inafaa tukumbuke reli hiyo ilijengewa nini. Ujenzi ulianzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na ni reli iliyoizaa Nairobi, wala si Nairobi iliyoizaa reli. Tawi la kuelekea Thika lilifunguliwa mwaka 1913. Halikutandazwa kwa ajili ya mwalimu, wala karani, wala kibarua wa kiwandani; lilitandazwa ili mazao ya mashamba ya walowezi yapate kuteremka hadi bandarini. Jambo hili si la vitabu vya historia tu. Reli ya mizigo hujengwa kwa hesabu ya mizigo. Gunia la kahawa likichelewa siku mbili halifukuzwi kazi. Halihitaji kufika saa moja asubuhi pamoja na magunia mengine yote ya wilaya. Zaidi ya karne moja baadaye, sisi tumewapakia watu juu ya reli ile ile ya njia moja, ambako treni ya kwenda na ya kurudi haziwezi kupishana isipokuwa mahali maalumu, kisha tukashangaa kwamba treni ni chache na watu ni wengi.

Treni niliyoitegemea ilipofika Githurai ilikuwa tayari imeshiba abiria wa Ruiru na Kahawa. Milango ilikuwa imejaa migongo. Mtu hakuwa anapanda, alikuwa anajipachika. Walio ndani walikaza misuli ili tusiingie, nasi wa nje tulikaza ili tuingie, na mara tulipofaulu kuingia tuligeuka papo hapo tukawa walio ndani, tukawakazia wa kituo kilichofuata. Nimewahi kusafiri kutoka Githurai hadi stesheni kuu bila ya nyayo zangu zote mbili kugusa sakafu kwa wakati mmoja. Nimewahi kushuka nikiwa na kifungo cha shati la mtu mwingine kwenye nywele zangu. Haya tuliyacheka, kwa kuwa Mnairobi hucheka kila kitu kabla ya saa mbili asubuhi.

Msomaji ataniwia radhi nikiingiza kidogo taaluma yangu. Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya hali hii: kubanana, kusukumana, kufinyana, kukanyagana. Vyote vina kiambishi kimoja, kile cha kauli ya kutendana. Mtu mmoja hawezi kubanana peke yake. Anayebanwa ndiye anayebana. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulijua hilo na kulipatia maksi, lakini nilifundisha kauli hiyo kwa miaka mingi kabla ya kuielewa, na aliyenielewesha hakuwa mwanaisimu.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, mwezi wa Aprili. Nilikuwa nimekumbatia mkoba wenye karatasi za mtihani, nikiuogopea usilowe. Treni ilipowasili, vijana walikuwa tayari wananing'inia mlangoni. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa umri wa mama yangu mzazi, amejitanda leso, na kiondo begani. Alikuwa amekwisha kutia mguu mmoja kwenye kidato cha behewa na mkono mmoja kwenye chuma. Ningependa kuandika kwamba nilisukumwa na walio nyuma yangu, kwa maana ndivyo sote tusimuliavyo habari za namna hii. Sivyo ilivyokuwa. Niliona nafasi yenye upana wa bega langu kati yake na mlango, nikaitia bega. Mguu wake ulitoka kwenye kidato, mkono ukaachia chuma, naye akaanguka juu ya kokoto.

Treni iliondoka. Mimi nilikuwa ndani.

Nilimwona akiinuka, akajifuta goti, akaanza kutafuta kiatu kimoja. Hakuna aliyepiga kelele. Mimi pia sikupiga. Mhadhara wangu wa saa mbili siku hiyo ulihusu mnyambuliko wa vitenzi. Najua msomaji atadhani nimeutia hapa kwa makusudi, lakini ratiba ya idara ipo na anayetaka aikague.

Siku ya tatu nilimkuta pale pale kando ya reli. Nilimwendea kabla ya ushujaa kunitoka.

"Habari ya asubuhi, mama."

"Nzuri, mwanangu."

"Mama, juzi ni mimi niliyekusukuma ukaanguka. Naomba unisamehe."

Alinitazama, akautazama mkoba wangu, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Juzi tulisukumana, mwanangu."

Tukazungumza hadi treni ilipokuja. Alikuwa akifanya vibarua vya kufunga bidhaa katika kiwanda kimoja kule Viwandani. Vibarua huchukuliwa langoni asubuhi, na lango likishafungwa hakuna wa kulifungua. Siku ile alifika akichechemea, akakuta lango limefungwa, akarudi nyumbani bila ya ujira. Nilimuuliza kwa nini hapandi basi. Hakukasirika kwa ujinga wa swali langu. Basi lingempeleka katikati ya mji, akaeleza, na kutoka hapo angelazimika kupanda gari la pili kwenda Viwandani, au atembee na lango limpite. Treni ilimshusha Makadara. Jioni vilevile. Nauli nne kwa siku, na akishatoa nauli nne, kilichobaki hakifiki unga.

Nilizichambua sentensi zake njia nzima, nikiwa nimebanwa kati ya mabega mawili. "Tulisukumana." Kisarufi hakuna wa kumkosoa. Kiambishi kile humgawia kila mtu sehemu sawa ya tendo, na yeye alikuwa amekubali kubeba sehemu ya kosa ambalo lote lilikuwa langu, ili mimi nisilibebe peke yangu. Lakini sarufi ile haikusema ni nani aliyebaki juu ya kokoto na ni nani aliyewahi mhadhara wake. Wala haikusema ni nani aliyepoteza ujira wa siku nzima, na ni nani ambaye, hata angechelewa saa nzima, mshahara wake ungeingia benki mwisho wa mwezi kama kawaida.

Kilichonitia hofu hasa hakikuwa asubuhi ile moja. Kilichonitia hofu ni kwamba nilikuwa hodari. Kwa miaka saba nilikuwa nimejifunza mahali mlango utakaposimama, bega lipi litangulie, na jinsi ya kumtazama mtu bila ya kumwona. Kila asubuhi nilifanya mazoezi, na siku ile niliufaulu mtihani. Wiki iliyofuata nilipanda basi.

Basi la 45 lina kondakta ambaye husimama mlangoni akiita, "Bado mbili! Bado mbili twende!" Wapo walimu wenzangu wa Kiswahili watakaosononeka. Watu ni wawili, watasema, si mbili. Mimi nimeacha kusononeka. Kondakta hahesabu watu. Anahesabu siti, na siti ni mbili. Anapoita hivyo anatangaza jambo ambalo sikulisikia hata siku moja katika miaka yangu ya treni, kwamba chombo hiki kina idadi, kwamba kujaa kuna mwisho, na kwamba mtu wa mwisho akishaketi mlango utafungwa na hapana haja ya kumwangusha mtu. Anapofikisha "bado moja", mimi nami nimehesabiwa.

Idadi hiyo haikuletwa na huruma ya wenye magari. Wazee wa Nairobi watakumbuka kwamba mabasi ya jiji yalianza mwaka 1934, na kwamba matatu zilipata idhini yake kwa tangazo la Rais Kenyatta mwaka 1973. Jina lenyewe linatajwa kuwa ni kumbukumbu ya nauli, senti kumi tatu. Kuanzia hapo abiria alipakiwa kama dagaa. Waliosoma shule katika miaka ya 1990, kama mimi, wanajua kusafiri wakiwa wameinama, shingo ikiwa imelazwa darini. Ndipo Februari 2004, chini ya waziri John Michuki, zikaanza kutekelezwa kanuni zilizotaka mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, na zilizokataza abiria kusimama ndani ya magari hayo. Wenye magari waligoma. Abiria wengine walilalamika. Baada ya muda ikawa ni ada, na leo kijana wa miaka 20 hajui kwamba kuketi kulipiganiwa. Kanuni zile zilikuwa za barabara, na reli haikuguswa.

Nisije nikadhaniwa kuwa nalitangazia basi biashara. Basi langu huchelewa. Kuna asubuhi ambazo tumekaa kati ya Pangani na Ngara hadi nikamaliza kusahihisha insha tano, na mbili kati yazo zilikuwa ndefu. Matone matatu ya mvua yakidondoka nauli hupanda, na kondakta hukutazama kama kwamba wewe ndiwe uliyeileta mvua. Muziki una kishindo cha kuweza kumtoa marehemu kaburini. Jioni, askari wakishaondoka barabarani, kondakta yuleyule wa "bado mbili" huwapachika watu katikati ya viti, na kanuni za Michuki huwa zimelala. Wala sijasahau Mei 2014, mabasi mawili yalipolipuliwa kwa mabomu katika barabara hii hii ya Thika, abiria wakapoteza maisha. Hakuna aliyeniahidi pepo. Nimelipia kiti, na muda ninaoupoteza ninaupoteza nikiwa nimeketi, mikono yangu ikiwa yangu na viwiko vyangu vikiwa havina wa kumdhuru.

Hilo ndilo jibu langu kwa mwenzangu wa idara. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemdanganya.

Kwa kuwa basi hunihesabu, naam, ila hunihesabu baada ya mimi kulipa. Nilitatua tatizo langu kwa pesa, na tatizo lenyewe nililiacha pale kando ya reli na yule mama, likiwa na nafasi moja zaidi ya kugombaniwa. Na hii si mara ya kwanza. Watu wa aina yangu tuna tabia ya kuhama. Darasa la shule ya umma likijaa, tunawahamishia watoto wetu shule za kulipia. Zahanati ikikosa dawa, tunahamia kliniki. Mfereji ukikauka, tunamwita mwenye lori la maji. Kila tunapohama tunapumua, na kila tunapohama tunaondoka na kalamu zetu, na simu zetu za watu tunaowajua ofisini, na ule ujasiri wa kulalamika ambao mtu huupata akiwa na uhakika wa mshahara. Wanaobaki ni wale ambao lango likiwafungia hawana wa kumwandikia. Katika miaka yangu saba ndani ya treni ile sikuandika hata barua moja kwa mhariri. Nilikuwa nashughulika na kusukuma.

Sisemi treni iwekewe idadi kesho asubuhi kisha mambo yaishe. Yule mama ndiye angekuwa wa kwanza kuachwa. Mwaka 2020, wakati wa korona, magari ya abiria yaliamriwa kubeba asilimia 60 tu ya siti zake, na hadi agizo hilo lilipoondolewa Agosti 2021, pengo la siti tupu lililipwa na abiria. Ukipunguza watu bila ya kuongeza vyombo, unamfungia lango mtu yuleyule. Panapohitajika idadi panahitajika kwanza treni ya pili, inayoifuata ya kwanza kwa karibu, na ili treni ya pili iwepo panahitajika njia za kupishania katika reli hii ya mwaka 1913.

Na tusiambiwe kwamba haiwezekani. Mwaka 2012 ilijengwa stesheni mpya Syokimau. Mwaka 2020 zikaletwa treni za dizeli kutoka Uhispania ili zisaidie safari za mjini. Tangu mwaka 2017 anayekwenda Mombasa kwa reli mpya hukatiwa tikiti yenye nambari ya behewa na nambari ya kiti. Nchi iyo hiyo, basi, inajua kumhesabu msafiri wa reli. Inamhesabu anayekwenda pwani mara moja kwa mwaka kupunga upepo, na haimhesabu anayekwenda Viwandani siku 6 kwa wiki. Ningependa mmoja wa wapangaji wetu wa usafiri asimame Githurai alfajiri, mvua ikinyesha, bila ya dereva wa kumsubiri, kisha atueleze tofauti kati ya wasafiri hao wawili.

Ninapokwenda kupanda basi hupitia sokoni, pale wachuuzi wanapotandaza bidhaa hadi kwenye mataruma ya reli. Wiki iliyopita nilikuwa katikati ya soko honi ilipolia. Wauzaji wa nyanya na sukumawiki walivuta magunia yao bila ya haraka, kama watu wanaompisha jirani, treni ikapita karibu nasi kiasi cha kuigusa. Nilitazama mlango baada ya mlango nikimtafuta yule mama. Niliona migongo. Ilipokwisha kupita, magunia yakarudishwa juu ya reli, nami nikavuka hadi stejini.

"Mwalimu," kondakta akaniita, "bado moja."